Chunusi, barakoa na macho ya darasa zima

SWALI: Shikamoo Anti. Nina miaka 16, niko kidato cha tatu, Morogoro. Uso umejaa chunusi. Tangu mwaka jana navaa barakoa darasani, nakaa nyuma, na nikiitwa ubaoni moyo unadunda mpaka machozi yananilenga. Naona kila mtu ananiangalia mimi tu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na hiyo barakoa, maana ndiyo inayokuponza. Kila siku unayoimaliza ukiwa umeivaa, akili inaamini umesalimika kwa sababu ulijificha. Tena jasho na msuguano wake huzidisha chunusi.

Ivue kidogo kidogo: kwanza dakika 10 ukiwa na rafiki mmoja, baadaye kipindi kizima, mwisho ubaoni. Kabla ya kila hatua andika unachokihofia ("watano watanicheka") na ukubwa wa hofu, 0 hadi 10. Ukimaliza andika kilichotokea. Wengi huharibu hapa: hofu ikipanda tu, wanaivaa tena. Ngoja ishuke walau nusu ndipo uondoke. Moyo ukidunda, vuta pumzi ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6, mara kumi. Usingoje hofu iishe ndipo uende ubaoni, nenda nayo.

Kuhusu macho ya watu, mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake, Marekani, walichapisha utafiti ambao wanafunzi walivishwa fulana ya kuaibisha wakaingizwa mbele ya wenzao. Waliovaa walidhani karibu nusu ya wenzao wameitambua. Walioitambua ni kama robo. Robo, si sifuri, kwa hiyo sikudanganyi kwamba hakuna atakayeona. Akisema mtu, mjibu, "Ndiyo, chunusi, natumia dawa," mwendelee na yenu.

Dawa yenyewe: famasi ulizia benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha sehemu zote zinazotoka chunusi, usiku, si kudonoa kipele kimojakimoja. Ipe wiki 8, na utumie foronya nyeupe kwani hupausha nguo. Krimu za kuchanganya achana nazo kabisa. Nyingine zina steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe na wekundu), na ukiziacha uso hulipuka upya.

Ukiona kioo kinakula zaidi ya saa moja kwa siku, unatoroka shule, au unawaza kujidhuru, mwambie mzazi mwende kliniki ya afya ya akili, hospitali ya mkoa. Hilo la kujidhuru lisisubiri kesho.