Barua kwa mwanangu: mfupa unaenda kwa nani

Assalaam aleikum mama,

Meseji yako niliisoma juzi baada ya isha, nikairudia asubuhi, nikampa na mama yako simu asome, akanirudishia akasema mjibu we mwenyewe, hayo ya kisu ni yenu wawili. Umeuliza uchukue hiyo kazi ya kukata na kuuza nyama kwenye hiyo bucha ya kisasa hapo Arusha au uendelee kungoja ajira ya uhasibu ambayo unaingoja huu mwaka wa pili sasa, na ukaongeza unaogopa watu watasema nini, msichana na diploma yake amevaa koti jeupe anakata mbavu.

Hilo la watu tulimalize hapa hapa. Bibi yako alikuwa akishachinjiwa mbuzi anamchuna na kumkata viungo mwenyewe pale nyuma ya nyumba, wanaume wamekaa kwenye mkeka wanangoja maini, na sijasikia hata siku moja mtu amesema kitu. Basi.

Sasa mi nilipokwama ni pale ulipoandika kwamba wateja wao wakubwa ni mahoteli ya watalii. Hapo nikaweka simu chini. Manake sarara kwa ng'ombe mmoja ni mbili tu mama, moja kila upande wa uti wa mgongo kwa ndani, na kwa hawa ng'ombe wetu wa kienyeji zote mbili ukiziweka kwenye mizani hazifiki kilo tano. Hoteli inataka sarara. Wa mishkaki anataka steki ya paja isiyo na mishipa. Mama lishe anataka mbavu na kidari, viwe na mafuta kidogo mchuzi utoke. Wa supu anachukua makongoro na mkia na kichwa, yule anajulikana, anakuja alfajiri anaondoka. Ukishawatoa hao wote anabaki nani? Anabaki mtu wa robo kilo, na juu ya meza imebaki shingo na mifupa ya mgongo na magoti.

Ndo maana kabla sijakujibu nataka umuulize huyo bosi wako kitu kimoja, sarara zikishapanda gari kwenda mahotelini, mfupa anamuuzia nani? Nimekwambia tangu hujajua kuhesabu, ng'ombe hazaliwi bila mifupa, na kila mfupa lazima uende kwa mtu. Watu wanadhani kazi ya muuza nyama ni kukata, kukata hata mashine inakata. Kazi yenyewe ni kuamua mfupa unaenda kwa nani, na unaamua mara mia kwa siku, mkono ushashika panga na mteja anakuangalia usoni.

We 2007 ulikuwa darasa la pili, sijui unakumbuka kiasi gani. Ile homa ya Bonde la Ufa ilianzia Kenya mwishoni mwa 2006, mwezi wa kwanza ikawa imeshaingia kwetu, Dodoma ndo waliumia zaidi, na mpaka inaisha katikati ya mwaka walikuwa wamekufa watu zaidi ya mia nchini. Hapa Dar watu waligoma nyama ya ng'ombe kabisa, kuku wakapanda bei, samaki pale Feri hawashikiki, na sisi wa mabucha tumekaa kwenye stuli tunafukuza inzi. Nilikuwa nawaambia jamani nyama ikiiva vizuri haina shida, anayehatarika ni anayechinja na kushika damu mbichi, na anayekunywa maziwa yasiyochemshwa, na mbu, halafu hii nyama imepita kwa daktari pale machinjioni Vingunguti, muhuri huu hapa kwenye paja uoneni. Hakuna aliyesogea hata kuutazama huo muhuri.

Na mi wiki ileile zamu yangu ya mchezo wa kupeana hela ilikuwa imefika, hela yote nikaiingiza kwenye nusu ng'ombe nikijua wataogopa siku mbili halafu watarudi. Friji yenyewe ilikuwa ile ndogo ya soda. Siku ya tatu mimi na mjomba wako tuliikokota ile nyama kwa toroli usiku tukaenda kuizika, na mjomba wako njia nzima hakusema neno, yeye ambaye hanyamazi hata kwenye msiba.

Nakwambia haya ili ujue nilitoka wapi nilipofika kwenye lile jambo la bakuli. Siyo kujitetea. Au labda najitetea kidogo, sijui.

Homa ilipoisha watu wakarudi, lakini mi nina madeni mpaka hapa, ya mchezo, ya kodi ya fremu, ya mwenye ng'ombe pale mnadani Pugu. Aliyenishika mkono ni mwenye hoteli mmoja Buguruni, anachukua steki kila siku, kilo nyingi, keshi mkononi, na anataka mnofu mtupu. Mtu kama huyo unamkataliaje? Nikawa namchambulia mapaja yote mawili, na ile mifupa ninayoitoa kwake naigawa kwa wengine, kidogo kidogo, huyu goti, yule pingili ya mgongo. Mtu wa kilo moja ukimwekea mfupa mkubwa anagomba, anakwambia toa hiyo babu, anaenda kwa jirani. Mtu wa robo hagombi. Anaona aibu kugombea robo. Basi mkono wangu ukajifunza wenyewe, mama, bila mimi kukaa chini nikapanga, mfupa ukawa unaenda kwa asiyegomba.

Yule mama mjane wa nyuma ya msikiti, aliyekuwa anakupa ubuyu, siku zote alikuwa mtu wa robo. Jumamosi moja akanunua nusu, akasema wajukuu wamekuja. Jumapili jioni watu wamejaa, we umekaa kwenye kreti la soda pale pembeni unafanya homuweki, akaja na bakuli la plastiki jekundu limefunikwa na kisahani. Akasalimia vizuri tu. Akasema naomba unipimie. Nikadhani ameleta bakuli nimwekee nyama, nikamwambia lete. Akafunua mwenyewe. Mle ndani ilikuwa mifupa, imeshapikwa, imenyonywa mpaka imekuwa myeupe, mmoja una ganda la nyanya limekwama kwenye tundu la uboho. Akaimimina kwenye sahani ya mizani. Mshale ukapita robo, ukatingishika, ukatulia palepale, na watu wote wanauangalia ule mshale. Akasema kwa sauti ya chini, jana nilinunua nusu. Halafu akaiokota ile mifupa mmoja mmoja akairudisha kwenye bakuli, akafunika, akaenda zake.

Mizani yangu ilikuwa sawa. Watu wa vipimo walikuwa wameshapita mwaka ule, muhuri upo, sijawahi kuchezea mizani maishani mwangu na mjomba wako anajua. Sikumwibia hata gramu moja. Na nilimwibia.

Usiku tunakula ukauliza, baba, sa yule mama alikula nini? Mama yako akakwambia kula chakula kinapoa. Mi sikujibu. Nimekaa na hilo swali lako mpaka leo.

Kesho yake nilikata nusu kilo ya steki safi nikamtuma kaka yako ampelekee. Akarudi nayo imefungwa vilevile, anasema amepokewa vizuri, amepewa na maji ya kunywa, ameambiwa mwambie baba ahsante sana lakini leo nimeshapika dagaa. Tangu hapo akawa ananunua kwa jirani. Anapita mbele ya bucha yangu na mfuko wa jirani, ananisalimia, anauliza watoto hawajambo. Miaka yote ile. Nilikutana naye kwenye msiba wa shangazi yako tukakaa mkeka wa jirani, akaniambia mvua za mwaka huu zimechelewa. Nilikuwa nangoja aseme kitu, hata anitukane, hakusema, na mimi mdomo haukufunguka. Ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu.

Ndo nikabadilisha ukataji. Nilikuwa nikiupokea mzoga kabla sijafungua dirisha nautenga kwanza mnofu na mfupa, nauangalia wote, halafu kila kipimo kinapata mgao wake, mtu wa robo na mtu wa kilo tano sawa, na anayetaka mnofu mtupu alipe bei ya mnofu. Yule wa Buguruni alinihama baada ya wiki mbili. Mama yako alilia. Hilo hukuwahi kuambiwa.

Lakini ngoja, kuna kitu kinanibishia hapa. Hao wa kisasa, kama ninavyoona hata huku mjini, mfupa wameuwekea bei yake na mnofu bei yake, imeandikwa kwenye kioo, mtu anasoma anachagua. Hakuna mkono wa mtu unaoamua chochote. Huenda hiyo ndo haki yenyewe niliyokuwa naihangaikia na panga langu, na wao wameimaliza kwa kikaratasi. Nalala na hilo. Halafu alfajiri nawaza, akija mtu na hela ya robo tu, kile kikaratasi kinamwonyesha wapi? Kinamwonyesha mfupa. Hajaibiwa, na bado anaondoka na mfupa tupu. Kwahiyo sijui.

Na ile habari uliyoniandikia ya kulaza nyama kwenye baridi siku kadhaa ndo wauze, mi zamani ningekwambia hiyo ni nyama ya jana, ampe mbwa. Sisi tumekua tunajua nyama nzuri ni iliyochinjwa usiku, inauzwa asubuhi bado ina joto. Ila nikukumbushe Idi ile, nilitia paja zima kwenye friji likiwa bado la moto nikijua nalihifadhi, likatoka limekakamaa hata likipikwa halitafuniki, na kumbe ndo lenyewe, nyama ikiwahishwa kwenye baridi kali kabla misuli haijatulia inajivuta inakuwa ngumu, lakini ukiiachia ipoe taratibu halafu ukailaza kwenye nyuzi sifuri mpaka nne, inajilainisha yenyewe. Kaka yako alinipa nyama ya namna hiyo mwaka jana. Ni laini kweli. Nilikula nikanyamaza.

Gogo nalo nililitetea sana Bodi ya Nyama walipotaka tuweke mashine. Gogo langu la mkwaju, kila usiku nalikwangua nalipaka chumvi, we ulikuwa unanishikia taa. Lakini walikuwa na haki, panga na gogo vinatoa vipande vya mfupa vidogo kama sindano vinaingia kwenye nyama ya watoto wa watu, na mti unakunywa damu, huwezi kuusafisha ukaisha. Ile mashine ya msumeno hukata mfupa kama mkate. Ukienda huko, tafadhali, usiishike ukiwa na usingizi wala ukiwa unaongea na mtu, na pete uvue. Kuna jamaa yetu Vingunguti ana vidole vitatu mkono wa kushoto.

Unaona nimeandika yote haya na hujajibiwa. Mama yako kasoma mpaka hapa anasema mjibu mtoto ndio au hapana. Mi sitaki kukuamulia, nilishawahi kukuamulia uhasibu, na unaona. Ila nikisema sina mawazo nitakuwa nakudanganya, kwahiyo sisemi hivyo, nasema tu muulize kwanza la mfupa, na jibu lake uniletee kama atakavyolisema, neno kwa neno, usinipambie.

Kile kisu chembamba cha kuchambulia, chenye mpini niliouzungushia mpira wa baiskeli, nimekinoa jana kwenye kinoo mpaka kinakata nywele. Nimekifunga kwenye gazeti kipo juu ya kabati. Kondakta wa basi la Arusha namjua, anaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Sijampa. Ukikitaka utaniambia.

Baba yako