PSA ya wiki ya 3 baada ya kuondolewa tezi dume

Ndugu, umeuliza kama saratani ya tezi dume ya mzee wako imebaki, kwa kuwa PSA yake (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) ni 0.3 na chembe za saratani zilionekana kwenye kingo za tezi iliyotolewa. PSA ya 0.3 iliyopimwa wiki 3 tu baada ya upasuaji haitoshi kusema kwamba imebaki. PSA iliyokuwa tayari kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya siku 2 au 3, hivyo aliyeanza na kiwango kikubwa huchelewa kufika chini, na ndiyo maana kipimo cha kutegemewa hufanywa kati ya wiki ya 6 na ya 8, ambapo kinatarajiwa kuwa chini ya nanogramu 0.1 kwa mililita. Kisiposhuka, ndipo mazungumzo ya picha za uchunguzi na tiba ya mionzi huanza. Kikishuka kisha kikapanda hadi 0.2, mwongozo wa madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani unataka kipimo cha pili cha kuthibitisha. Mpimieni katika maabara ileile, kwa kuwa mashine hutofautiana kwenye desimali, na hapa desimali ndizo zinazoamua. Zile chembe za saratani zilizoonekana kwenye kingo za tezi huongeza hatari ya saratani kurudi, lakini peke yake si uthibitisho. Daktari huziangalia pamoja na alama ya Gleason, yaani alama inayoonyesha ukali wa saratani ya tezi dume.