Wasifu wa bibi ambaye hakuwahi kuajiriwa: tulivyoandika wa kwetu Usangi

Mkuu mtoa uzi, pole sana kwa kumpoteza bibi. Umeuliza utaandika nini kwenye wasifu wa marehemu wakati bibi hakusoma, hakuajiriwa, hakuwa na cheo, na ukoo umekukabidhi kalamu kwa sababu wewe ndiye uliyefika chuo. Bibi yangu alifariki Usangi, kule milima ya Upare, na kazi hiyo iliniangukia mimi. Nakueleza tulivyofanya, chukua kinachokufaa.

Achana kwanza na ile fomu tunayorithishana. Unaijua: alizaliwa, alibatizwa, alisoma, aliajiriwa, alistaafu, akaanza kusumbuliwa na presha, akapelekwa hospitali ya wilaya, akahamishiwa ya rufaa, hali ikabadilika. Ile ilitengenezwa kwa mtumishi wa serikali. Ukimtia bibi mle, pa elimu na pa kazi panabaki patupu, na ili karatasi ijae watu wanarefusha ugonjwa. Nimewahi kukaa msibani nikasikiliza wasifu wa mama wa miaka 80 na kitu ambao nusu nzima ilikuwa vipimo vya figo. Ugonjwa upe sentensi mbili. Na yale ya "alikuwa mcheshi, mkarimu, mpenda watu" yafute yote, maana hata mchoyo wa kijiji husomewa hayohayo siku yake ikifika.

Habari hutazipata kwa watoto wake. Watoto wanamjua mama wa chakula, fimbo na ada ya shule. Nenda jikoni kwa akina mama wanaomenya ndizi na kuchambua maharage ya makande. Mimi mashangazi walinifukuza kwanza, mwanaume anatafuta nini huku, nikaomba kisu nikamenya nao mpaka wakanizoea. Usiwaulize bibi alikuwaje, watakujibu alikuwa mtu wa watu. Muulize kila mmoja, "Wewe alikufanyia nini?" Hapo utaona mtu anatua kisu chini.

Mwaka wa kuzaliwa ulitusumbua. Kadi ya kupigia kura ilisema hivi, kadi ya kliniki vingine. Wazee wetu hawakushika tarehe, walishika matukio, kwa hiyo tafuta tukio. Sisi tulikuwa na Mbiru, ule mgomo wa kodi. Miaka ya 1940 wakoloni walileta kodi inayopanda kulingana na mali ya mtu, Wapare wakaigomea, wanaume wakashuka kwa maelfu kwenda kukaa Same mbele ya boma. Januari 1946 maofisa walipopanda Usangi kuzungumza, wanawake waliwatokea wakawaambia ama mlimalize suala la kodi waume zetu warudi nyumbani, ama mtupe mimba nyinyi wenyewe. (Hili halifundishwi vya kutosha mashuleni, na nadhani najua kwa nini.) Bibi alikuwa akisimulia kwamba alikuwepo, ameshika upindo wa nguo ya mama yake, haelewi kwa nini wengine wanacheka na wengine wanalia, na meno yake ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanang'oka. Tukaandika "alizaliwa takriban mwaka 1939". Kwenu litakuwa tukio jingine. Watu wa Lindi wanakitaja kimbunga cha 1952, Zanzibar watakuambia kabla au baada ya Mapinduzi.

Jikoni ndiko nilikojua kuhusu vyoo. Nilikuwa najua tu kwamba bibi alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo, baada ya Mwalimu kuutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sikujua kilichofuata. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wanakusanyika kwa vikundi kuzunguka redio, wanasikiliza kipindi, mmoja anawasomea kijitabu, wanajadiliana, kisha wanakwenda kufanya walichokubaliana. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2. Kikundi cha mtaa wetu kilikutana uani kwa bibi, na msomaji alikuwa yeye, mtu ambaye miaka michache nyuma alikuwa anatia dole gumba. Makubaliano yalikuwa kila kaya ichimbe choo. Mzee mmoja jirani akakataa katakata. Wenzake wakamcheka kwamba ni mvivu. Bibi akaenda kuongea na mkewe, akagundua mzee si mvivu hata kidogo, anaona aibu: atawezaje kuingia choo kimoja na mkwewe, mke wa mwanawe? Bibi akawachukua wanawe wawili na majembe, wakachimba vyoo viwili, kimoja upande wa juu wa nyumba na kimoja chini kwenye migomba. Aliyenisimulia ndiye huyo mkwe, sasa naye ni bibi kizee, na alisimulia huku akijifuta macho kwa kicheko.

Hiyo ndiyo ilikuwa aya ya kwanza ya wasifu baada ya kuzaliwa. Mchungaji aliniangalia, lakini aliisoma.

Jambo la pili lilitoka kwenye daftari. Kila bibi aliyewahi kuwa mwekahazina wa kikundi ana daftari mahali, tafuteni sandukuni. La kwetu lilikuwa la kikundi cha akina mama cha kufiana: nani katoa debe la mahindi, nani kuni, nani kaazima sahani na hajarudisha (jina limepigwa mstari mara mbili). Ukurasa wa mwanzo kuna kanuni kwa mwandiko wake: sufuria za kikundi hazipikiwi nyama ya nguruwe, hata kwenye harusi ya Mkristo. Usangi Waislamu na Walutheri tumechanganyika mpaka ndani ya nyumba moja, na kanuni hiyo ndiyo iliyofanya sufuria zilezile ziende kwa kila mfiwa bila mtu kuuliza. Bibi alikuwa Mlutheri. Msibani kwake wali ulipikwa na akina mama wa Kiislamu, kwenye sufuria hizo.

Sasa sehemu ngumu, na najua nawe utakutana nayo. Babu alipofariki, ndugu mmoja upande wa mume alitaka shamba la kahawa lirudi kwa ukoo. Bibi hakulia kwa mtu, alikwenda baraza la ardhi la kijiji na mashahidi wake, akashinda. Baada ya hapo wajane wa vijiji vya jirani wakawa wanakuja kumchukua awasindikize kwenye mabaraza yao, anakaa tu nyuma yao na fimbo yake. Wajomba walitaka tusiliguse hilo ili tusitoneshe kidonda. Tuliandika hivi: "Alisimamia haki yake ya shamba na akawasaidia wajane wengine kusimamia za kwao." Jina la ndugu hatukutaja, na wote waliokuwepo walielewa. Kulifuta kabisa kungekuwa kumwibia.

Watoto wa kulea walileta kikao cha usiku kucha. Bibi alizaa 6 akalea 3 wasio wa tumbo lake. Wengine wakahofia kwamba tukiandika "ameacha watoto 9", kesho watadai urithi. Mimi niliona, na bado naona, kwamba wasifu si karatasi ya mirathi. Mirathi ina taratibu zake. Mzee wa ukoo alimaliza kwa swali moja: siku alipougua, nani alilala naye hospitalini? Alikuwa mmoja wa wale watatu. Ikaandikwa 9.

La mwisho ni urefu. Mwongoza ratiba atakupa dakika 5 na atakukumbusha kwamba kaburi linasubiri. Andika wasifu miwili: wa kusomwa, kurasa mbili kwa herufi kubwa kwa sababu msomaji atasahau miwani, na mrefu wa kubaki kwenye familia. Ule mrefu usiufunge mapema. Wetu ulipata nyongeza siku ya kuanua matanga, pale mtoto wa yule mzee wa vyoo aliposimama akasema cha chini kwenye migomba walichimba wao wenyewe, bibi alitoa uji tu. Mkwe akabisha. Nimeandika maelezo yote mawili.

Mnazika lini? Kama mwaka wa kuzaliwa ndio unaokukwamisha, weka hapa matukio aliyokuwa akiyasimulia na wilaya aliyokulia, tukusaidie kukisia leo hii.