Maswali ya Wasomaji: Nimemaliza, Sasa Nitazame Nini?

Barua nyingi za safari hii zimehusu tamthilia za runinga: namna ya kupata nyingine nzuri, na namna ya kuzizungumza bila kugombana. Tumechagua saba.

Mhariri, salamu nyingi. Nimemaliza Breaking Bad na sasa kila kitu nakiona chapwa. Nimepewa orodha za tamthilia “zinazofanana nayo”, zote za wauza dawa za kulevya, na zote nimeziacha njiani. Je, natafuta vibaya? – Bi. R.

Bi. R., orodha hizo zimekupa mada ile ile, na huenda mada siyo iliyokushika. Watu wawili wanaweza kuipenda Breaking Bad kwa sababu zisizokutana kabisa. Mmoja anapenda kumwona mtu mpole akiharibika hatua kwa hatua, na kila hatua ina sababu inayoeleweka. Mwingine anapenda mitego: wamekwama jangwani, betri ya gari imekufa, watatokaje? Huyo wa kwanza atulie na Better Call Saul. Wa pili atafurahia zaidi La casa de papel ya Uhispania, inayohusu wizi katika kiwanda cha kuchapa noti, ingawa ukiangalia mada tu hazina undugu.

Kwa hiyo anza na karatasi. Andika matukio matatu unayoyakumbuka bila kujikaza, na kando ya kila moja andika wakati ule ulikuwa unangojea nini. Kama yote matatu ni watu wawili wakizungumza chumbani, unapenda mazungumzo, na tamthilia ya mahakamani au ya familia inaweza kukufaa kuliko ya majambazi. Kama ulikuwa unangojea kujua nani alifanya, tafuta za upelelezi. Kama unachokumbuka ni mahali, yaani barabara, hali ya hewa na namna watu wanavyoishi, tafuta tamthilia ambazo mji wake ni kama mhusika.

Hatua ya pili ndiyo tunayoitegemea kuliko zote: fuata mwandishi. Kwenye tamthilia nyingi mwongozaji hubadilika karibu kila sehemu, lakini mwandishi mkuu ndiye anayeshika hadithi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jina lake huonyeshwa kama mbunifu wa tamthilia. Vince Gilligan aliandikia The X-Files, akabuni Breaking Bad (2008–2013, sehemu 62), kisha pamoja na Peter Gould akabuni Better Call Saul (2015–2022, sehemu 63), na mwaka 2025 akaja na Pluribus. Aliyeipenda The Wire (2002–2008, sehemu 60) atamkuta David Simon tena katika Treme, na katika Show Me a Hero na We Own This City, zenye sehemu sita sita.

Ukishammaliza mwandishi mkuu, soma majina ya walioandika sehemu moja moja. Wengi huja kubuni zao baadaye. Matthew Weiner alikuwa miongoni mwa waandishi wa The Sopranos kabla ya kubuni Mad Men. Kumfuata mwigizaji ni njia dhaifu zaidi, kwa sababu mwigizaji hupokea kazi za kila aina, na sura ile ile unaweza kuikuta kwenye maandishi mabovu.

Tahadhari moja: angalia kama mwandishi mkuu alibaki. Killing Eve ilikuwa na misimu minne (2018–2022) na kila msimu ulikuwa na mwandishi mkuu wake. Mtu aliyeupenda wa kwanza, ulioongozwa kiuandishi na Phoebe Waller-Bridge, akahisi ya baadaye ina ladha nyingine, hakukosea. Angeipata ladha aliyoizoea katika Fleabag, aliyoiandika Waller-Bridge mwenyewe.

Nivumilie sehemu ngapi kabla ya kuacha? Rafiki zangu husema, “Subiri, inakolea msimu wa pili.” – K.

Msimu wa pili ni mbali mno, isipokuwa ule wa kwanza uwe mfupi sana. Parks and Recreation ina msimu wa kwanza wa sehemu sita tu (2009), kila moja kama dakika 22, na mashabiki wengi huwashauri wageni waanze na wa pili. Hapo ushauri wa kusubiri una maana. Kwa tamthilia ya sehemu kumi za saa nzima, anayekwambia usubiri msimu wa pili anakuomba saa kumi za maisha yako.

Sisi tunapendekeza hivi. Tamthilia yote ikiwa na sehemu tano au sita, sehemu moja inatosha kuamua. Ikiwa na sehemu nane hadi kumi kwa msimu, fika mwisho wa ya tatu. Vichekesho vya dakika ishirini na kitu vipe sehemu nne au tano, kwa sababu utani hutegemea kuwajua wahusika, na waandishi wenyewe huhitaji muda kugundua mwigizaji yupi anachekesha kwa njia ipi.

Sehemu ya kwanza isihukumiwe peke yake. Mara nyingi hutengenezwa kwanza kama sampuli ya kuuzia wazo kwa kituo, miezi mingi kabla ya nyingine, na baadaye watu hubadilishwa. Sampuli ya Game of Thrones ilirekodiwa upya kwa sehemu kubwa, na waigizaji wawili wa kike wakabadilishwa, kabla haijaonekana mwaka 2011. Pia sehemu hiyo hubebeshwa mzigo wa kutambulisha kila mtu. Ya pili ndiyo inayokuonyesha tamthilia itakavyokuwa kila wiki.

Kabla ya kuacha, kagua mambo mawili. Je, ulikuwa na simu mkononi? Tamthilia yenye visa vitatu sambamba ikikosa macho yako kwa dakika mbili tu huanza kuonekana imevurugika. Na je, umetazama kwa mpangilio sahihi? Firefly ya mwaka 2002 ilirushwa na kituo chake bila kufuata mpangilio, na sehemu ya saa mbili iliyokusudiwa kufungua hadithi ikaja mwishoni. Nyingine huwa na sehemu maalumu iliyofichwa nje ya orodha ya misimu.

Tamthilia ina asilimia 95 mtandaoni, nimeitazama nimesinzia. Hizo namba zina faida gani? – Mzee S.

Shikamoo mzee. Zina faida, ila kila moja inapima kitu chake. Tovuti ya Rotten Tomatoes huhesabu wahakiki wangapi wameipenda, haisemi wameipenda kiasi gani. Wahakiki kumi wakisema wote “si mbaya, inatazamika”, tamthilia hupata asilimia 100. Tovuti ya Metacritic huugeuza kila uhakiki kuwa alama kati ya 0 na 100 kisha hutafuta wastani, na baadhi ya wahakiki hupewa uzito zaidi. Tovuti ya IMDb hukusanya kura za watazamaji, kuanzia 1 hadi 10. Asilimia 95 yenye wastani wa 70 ni tamthilia isiyomkera mtu. Asilimia 75 ambayo wahakiki kadhaa wameipa alama za juu kabisa na wengine wameikataa ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kukushika moyo, au kukuudhi.

Wahakiki mara nyingi hupewa sehemu chache za mwanzo kabla ya kutolewa, kwa hiyo alama yao inaweza kuwa ya mwanzo tu. Kwa mwisho wa safari, fungua alama za sehemu moja moja kwenye IMDb na uangalie mwelekeo. Zikipanda polepole hadi mwisho wa msimu, ujue hadithi inajengwa taratibu. Zikianguka ghafla kama zile za mwisho za Game of Thrones mwaka 2019, ujue watazamaji waliondoka na uchungu. Jihadhari na alama za misimu ya nne na ya tano: wasioipenda waliishaondoka, na wanaopiga kura ni waliobaki. Ukiona kura zimejaa kwenye 1 na 10 na katikati hamna watu, kuna ugomvi unaohusu jambo jingine. Acha namba, soma maoni ya walioipa 6 au 7. Hao ndio huandika kilichowafaa na kilichowachosha.

Ile asilimia ambayo huduma yenyewe hukuonyesha kuwa “inakufaa” ni makisio kuhusu tabia zako za kutazama. Si kipimo cha ubora.

Mapendekezo kwenye akaunti yetu yamejaa katuni na vipindi nilivyokwishachoka. Nitayasafishaje? – Mama Z.

Kwanza, watoto wawe na wasifu (profile) wao ndani ya akaunti. Netflix huruhusu hadi wasifu tano kwenye akaunti moja, na historia hazichanganyiki. Pili, futa yaliyokwisha kuingia: fungua akaunti kwenye kivinjari, chagua wasifu wako, nenda kwenye orodha ya ulivyotazama, kisha ficha kimoja kimoja. Ukificha tamthilia nzima badala ya sehemu moja ni haraka zaidi. Mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 24 kufika kwenye vifaa vyote. Tatu, bonyeza kidole cha kupenda au kutopenda kwenye vitu ishirini hivi unavyovijua vizuri. Nne, zima kuanza kwenyewe kwa sehemu inayofuata: mtu akisinzia, sehemu zilizojicheza nazo huhesabiwa kuwa zimetazamwa.

Usiziamini sana picha za kava. Huduma hizi huchagua picha kulingana na mtazamaji, na mpenda mapenzi huonyeshwa busu hata kama lina dakika moja katika msimu mzima. Soma maelezo.

Katika kundi letu la marafiki, kila tukizungumza tamthilia kuna anayemwaga siri na kuna anayenuna. Na mtu akitoa maoni, hayanisaidii kuamua. Tufanyeje? – Dada N.

Dada N., tuanze na siri. Kanuni inayofanya kazi ni moja: kila mtu ataje kwanza amefika wapi, kwa msimu na sehemu, na aliye nyuma kabisa ndiye anayeweka mpaka. Wenye hamu ya kusonga mbele wafungue mazungumzo ya pembeni. Tatizo ni kwamba watu hudhani siri ni jina la anayekufa tu. “Huyo usimzoee” ni siri. “Subiri uone mwisho, utashangaa” pia ni siri, kwa kuwa aliyeambiwa atatazama kila tukio akiutafuta mtego. Hata kusema “sehemu ya nane ndiyo yenyewe” kunamwambia mwenzako kwamba ile ya saba haitamaliza jambo.

Sasa maoni. “Nzuri sana, lazima uitazame” yanatuambia kuhusu msemaji, hayatuambii lolote kuhusu tamthilia. Maoni yanayosaidia yana urefu, kinachofanywa vizuri kikithibitishwa na jambo kutoka sehemu ya kwanza, na nani asiitazame. Hilo la mwisho watu huliacha, nalo ndilo lenye thamani zaidi. Mfano:

“Chernobyl, 2019. Sehemu tano, kila moja karibu saa moja, na inaisha kweli. Mlipuko unatokea mapema katika sehemu ya kwanza, kwa hiyo swali si nini kimetokea bali kwa nini, na nani anakataa kukubali. Nguvu yake ni mikutano: wakubwa wameketi mezani wakiambiana kwamba kila kitu kiko sawa. Haina ucheshi. Usiitazame kama huwezi kuona majeraha ya mionzi, na kama unapenda wanyama, sehemu ya nne itakuumiza.”

Maneno sitini na kitu, na msomaji anajua kama aanze leo, wikendi au asianze kabisa. Tukio la sehemu ya nne limetajwa kwa makusudi: onyo juu ya jambo linaloumiza lina uzito kuliko uhondo, ilimradi usiseme linamwangukia nani.

Mkitofautiana, ulizaneni mliacha wapi kuipenda. Jibu la “tangu yule daktari aliposema uongo na hadithi haikumdai chochote” linazungumzika. “Imeboa” haizungumziki.

Za kigeni nitazame kwa manukuu au zilizotiwa sauti? – P.

Manukuu, yaani maandishi ya chini ya skrini, kama unaweza kuyasoma bila kuchoka. Anayetia sauti hulazimika kuchagua maneno yanayolingana na midomo, na sauti ya mwigizaji, ambayo ni nusu ya kazi yake, inapotea. Zilizotiwa sauti zinafaa unapopika au unapotazama na wadogo. Ukiwasha vyote viwili ukaona maneno hayafanani, si hitilafu. Mara nyingi ni tafsiri mbili zilizofanywa kando.

Nimechoka kuanza tamthilia zinazokatwa bila mwisho. Nitajuaje mapema? – F.

Angalia miaka yake. Ukiona mwaka wa kuanza na wa kumaliza, imefungwa. Hata hivyo, kufungwa kwaweza kuwa kumalizika au kukatwa. Mfano mzuri ni wabunifu wale wale wawili wa Ujerumani, Baran bo Odar na Jantje Friese. Dark yao (2017–2020) ilipangwa misimu mitatu na ikaipata yote, sehemu 26. 1899 yao (2022) nayo ilipangwa misimu mitatu, ikakatwa baada ya sehemu nane. Kwa mwaka pekee usingezitofautisha. Muulize aliyekwisha kuitazama swali moja tu, “Hadithi imefungwa?”, naye ajibu ndiyo au hapana bila kuongeza neno. Kama hakuna wa kumuuliza, chagua zilizotangazwa tangu mwanzo kuwa za msimu mmoja, na za Korea Kusini, ambazo kwa kawaida humaliza hadithi ndani ya sehemu 16 hivi.