Je, Nibebe Kisu Mkobani?

SWALI: Mimi hufanya kazi ya zamu Nairobi na hushuka stejini saa tano usiku. Tangu maandamano ya Januari 2024 ya kupinga mauaji ya wanawake, kaka zangu wanasisitiza nitembee na kisu au kopo la kupulizia pilipili. Rafiki yangu, aliyeachana na mume mpigaji, yeye amesema ataweka panga chini ya kitanda. Mnatushauri nini? – Msomaji, Kayole

JIBU: Dada, tuanze na hilo panga, maana ndilo linalotutia hofu zaidi. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana 85,000 hivi waliuawa makusudi duniani, na 51,100 kati yao waliuawa na wapenzi au jamaa zao. Muuaji wa namna hiyo anaijua nyumba na kilichofichwa ndani yake. Watu wakinyang'anyana panga, hubaki na mwenye nguvu. Tazama mfano wa bunduki: utafiti wa Jacquelyn Campbell na wenzake katika miji 11 ya Marekani, uliochapishwa 2003, ulikuta kwamba mwanamume mkatili akiwa na njia ya kupata bunduki, hatari ya mwanamke kuuawa hupanda takriban mara tano.

Mwulize rafiki yako: mume aliwahi kumkaba shingo? Hiyo ni dalili mbaya kuliko makofi, hata kama haikuacha alama. Kama ndiyo, asilale peke yake hapo. Abadilishe kufuli, kisha kitambulisho, vyeti vya watoto na nauli avihifadhi kwa mtu anayemwamini. Aende mahakamani kuomba amri ya ulinzi chini ya Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015. Sheria hiyo inawahusu hata walioachana, na hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla mume hajasikizwa. Nakala aifikishe kituo cha polisi cha karibu mapema. Asingoje saa nane usiku kumweleza askari wa zamu kwamba kuna amri.

Sasa wewe. Kisu kinafanya kazi umbali wa mkono tu, na hapo adui naye anakufikia. Kisu cha jikoni hakina kizuizi kati ya mpini na makali. Kikigonga mfupa, vidole vyako huteleza mbele ukajikata. Aliyechomwa naye mara nyingi haanguki papo hapo. Na ukimchoma akiwa ameshageuka kukimbia, utakayesimama kizimbani ni wewe.

Kopo la pilipili hufika mita 2 au 3. Upepo ukikuelekea unaivuta pilipili mwenyewe, na ndani ya matatu mtakohoa wote. Gesi inayolisukuma hupungua kadiri muda unavyopita, ndiyo maana lina tarehe ya mwisho. Tena Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inagusa pia vifaa vya kurusha majimaji au gesi ya kudhuru. Mchuuzi wa mtaani hatakwambia hilo.

India walijaribu bunduki. Baada ya ubakaji wa ndani ya basi Delhi, Desemba 2012, kiwanda cha silaha cha serikali kilitoa mwaka 2014 bastola ya wanawake iitwayo Nirbheek, yenye uzito wa gramu 500, kwa rupia zaidi ya 122,000. Ni msichana gani wa kupanda basi angeimudu?

Tungekushauri ulipie mafunzo kabla ya chuma. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, wasichana wa shule walifundishwa kwa saa 12: kusoma dalili, kukataa kwa sauti kubwa, na mwishowe kupiga. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha mashambulizi ya kingono yakipungua kwa 38% ndani ya mwaka. Njiani, filimbi ikae mkononi, isizame mkobani. Namba ya boda mtumie mtu kabla hujapanda. Ukishikwa, lenga macho, koo au kinena, kisha kimbilia kwenye taa na watu, usibaki kupigana.

Likitokea la kutokea, hospitali ndiyo ya kwanza. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, za kuzuia mimba ndani ya 120, na mapema ni bora. Usioge. Nguo zitie kwenye bahasha ya karatasi, kwa sababu plastiki hufungia unyevu na ushahidi huoza. Hospitalini wajaze fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya kubakwa. Polisi wakupe namba ya OB, yaani ya daftari lao la matukio, na fomu ya P3 ya kujazwa na daktari kuhusu majeraha, ambayo hailipiwi. Wakikuomba pesa, piga 1195, simu ya bure ya msaada kwa walioshambuliwa kijinsia.