Mbavu na uti wa mgongo: kipi kwanza?
Pole sana dada. Umeuliza kwa nini shemeji, aliyevunjika mbavu na mgongo kwenye ajali ya bodaboda barabara ya Pangani, kawekewa mpira kifuani pale hospitali ya Bombo, Tanga, kabla ya rufaa ya Muhimbili kufungwa vyuma mgongoni. Pumzi kwanza. Mpira unatoa hewa na damu inayobana pafu. Safari ya Dar bila huo ni hatari. Halafu upasuaji wa mgongo mara nyingi humlaza mtu kifudifudi, uzito wote juu ya mbavu zilizovunjika! Ndiyo maana wengine hufungwa vyuma vya mbavu kwanza. Ila neva za uti wa mgongo zikibanwa, miguu ikaanza kulegea, mgongo hausubiri. Na jamani, msimkalishe kumlisha uji. Ageuzwe mzimamzima, na manesi.