Kabla ya Kununua Mipira ya Mabingwa, Hesabu Kwanza Unayopoteza

Shimo la nne la uwanja wa gofu lilikuwa fupi, mita 130 hivi, ila mbele yake palikuwa na bwawa. Nilichomoa mpira mpya kabisa kwenye boksi, aina ileile niliyokuwa nikiwaona mabingwa wakiichezea kwenye televisheni, nikauweka juu ya kijiti, nikapiga. Chubwi. Nikatoa wa pili. Chubwi. Wa tatu niliupiga kwa hasira. Ukadunda ng'ambo kwenye ukingo wa bwawa, ukasitasita, kisha ukateremka taratibu kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ukazama mbele ya macho yangu.

Mzee niliyekuwa nikicheza naye hakucheka. Alitia mkono mfukoni akatoa mpira wa zamani uliochubuka ubavuni, akanirushia. "Kijana, piga huu. Huu hauna mwenyewe."

Nikapiga, ukavuka.

Haukuvuka kwa kuwa ulikuwa bora kuliko ile mitatu. Ulivuka kwa sababu safari hii sikuwa nimekaza mabega nikiwaza pesa zinazozama. Siku ile nilipoteza mipira saba katika mashimo 18, zaidi ya nusu ya dazeni niliyokuwa nimeinunua asubuhi yake. Nikaanza kujiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza dukani: huu mpira wa bingwa unanisaidia nini mimi, ambaye hata kuugusa katikati bado ni bahati nasibu?

Miaka kadhaa baadaye, jibu langu ni kwamba mpira unaokufaa unategemea mambo mawili tu. La kwanza ni mipira mingapi unapoteza kwa raundi. La pili ni mpira unafanya nini unapokuwa karibu na grini, yaani ile sehemu ya nyasi fupi sana yenye shimo. Mengine yote yaliyoandikwa kwenye boksi yanaweza kusubiri.

Tuanze na kuondoa ndoto. Mpira wowote unaoruhusiwa kwenye mashindano, wa bei ya juu au wa bei ya kutupa, haupaswi kuzidi gramu 45.93, wala kipenyo chake kupungua chini ya milimita 42.67. Kasi yake pia imewekewa mpaka, na umbali wake hupimwa kwa mashine. Kwa hiyo yule anayekuambia kuna mpira halali utakaokuongezea mita 30 kwa draiva, ile fimbo ya kupigia mbali kabisa, anakuuzia upepo. Watengenezaji wote wanagombania nafasi iliyobaki ndani ya uzio huohuo, na nafasi hiyo ni finyu.

Tofauti ya kweli iko ndani ya mpira na kwenye ganda lake. Mpira wa kawaida wa vipande viwili una kiini kikubwa cha raba na ganda la ayonoma, aina ya plastiki ngumu ambayo wengi wanaijua kwa jina la Surlyn. Ganda hilo linavumilia: utaupiga vibaya, utagonga mti, utaangukia njia ya mawe, na bado utaendelea kucheza. Halafu kuna mipira ya vipande vitatu, vinne, hata vitano, ambayo ina tabaka moja au zaidi katikati na kwa nje ganda jembamba la yurethani. Yurethani ni laini zaidi. Unapopiga kwa weji, fimbo ya mikwaju mifupi ya kupaisha mpira, inang'ang'ania mifereji iliyo kwenye uso wa fimbo, na mpira unaondoka ukizunguka kinyumenyume kwa kasi. Ukitua, unashika breki. Hapo ndipo pesa yako inapokwenda.

Historia yake inachekesha kidogo. Hadi miaka ya 1990 mabingwa wengi walichezea mipira iliyosokotwa kwa nyuzi za raba ndani na kufunikwa ganda laini la balata. Ukiigonga vibaya kwa ukingo wa fimbo, ganda linapasuka kama ganda la yai, na mpira ndiyo basi. Wachezaji wa kawaida walikuwa na mipira yao migumu kama jiwe, na kila upande ulijua mahali pake. Kisha Juni 2000 Tiger Woods akashinda US Open kule Pebble Beach kwa tofauti ya mikwaju 15, akichezea mpira usio na nyuzi, wenye kiini kigumu. Mwaka huohuo haujaisha, kampuni ya Titleist ikatoa mpira wake wa Pro V1, nao usio na nyuzi. Baada ya muda mfupi mipira ya nyuzi ikatoweka viwanjani. Na kuanzia hapo sisi tunaomaliza raundi kwa mikwaju 110 tukaanza kununua mpira uleule wa wale wanaopiga 68, kwa sababu sasa haupasuki. Unazama tu.

Nilifanya jaribio langu mwenyewe, na ningekusihi nawe ulifanye kabla ya kufungua pochi. Nilisimama hatua 15 kutoka shimo, nje kidogo ya grini, na mipira sita: mitatu ya ayonoma, mitatu ya yurethani. Weji ileile, mkono uleule, mahali palepale. Cha kwanza kunishangaza kilikuwa sauti. Ile ya ayonoma ililia "ta!", kavu, kama unagonga meza kwa kifundo cha kidole. Ile ya yurethani ilitoa sauti nzito zaidi, "pu", na ilionekana kukaa kwenye uso wa fimbo kidogo kabla ya kuondoka. Ya ayonoma ilipaa juu zaidi, ikatua, ikaendelea kuviringika hatua nne au tano kupita shimo. Ya yurethani ilitoka chini chini, ikadunda mara moja, ya pili ikagoma.

Ungedhani nilikimbilia yurethani. Lakini nilirudia zoezi mara nyingi, na ukweli ni kwamba ile "pu" nzuri niliipata labda mara tatu katika kumi. Zilizobaki nilichimba ardhi au niligonga tumbo la mpira, na hapo mipira yote miwili ilikimbia vilevile. Mzee aliyekuwa akiniangalia akasema neno ambalo limeniokolea mikwaju mingi kuliko mpira wowote: "Kama unajua utaviringika, si uutue mapema?" Kumbe mpira unaokimbia si adui, mradi ukimbie kila mara kwa kiasi kilekile. Nikabaki na ayonoma kwa takriban mwaka na nusu, na wala sikujuta.

Kuna wanaonunua mpira ili kutibu ugonjwa wa kupinda. Nawaelewa, nami nimeugua. Mpira wangu ulikuwa ukianza vizuri kisha unakata kona kwenda kulia kama una miadi msituni. Hilo linatokea kwa sababu uso wa fimbo uko wazi, yaani umeelekea kulia, ukilinganisha na njia ambayo fimbo inapita, na mzunguko wa mpira unalalia upande mmoja. Mpira wenye mzunguko mdogo utapinda kidogo pungufu, ni kweli, na pengine utaangukia kwenye nyasi ndefu badala ya msituni. Ila usitegemee zaidi ya hapo. Mwalimu kwa saa mbili alinisaidia kuliko dazeni nne za mipira iliyoandikwa kwamba inakwenda moja kwa moja.

Sasa, mbano. Utakutana na neno hili kila mahali: namba inayoonyesha mpira unabonyea kiasi gani unapogongwa, kuanzia thelathini na kitu kwa ile laini kabisa hadi kuzidi 100 kwa ile migumu. Ushauri uliozoeleka ni kwamba mwenye mkono wa taratibu achukue laini, mwenye kasi achukue mgumu, la sivyo "hutaubana mpira". Binafsi naona jambo hili limetiwa chumvi. Mpira laini hauendi mbali zaidi kwa sababu tu wewe unapiga polepole. Mara nyingi ni mgumu ndio unaotoka haraka kidogo, kwa kila mtu. Ulaini unaupata zaidi mikononi na masikioni. Kama unapenda unavyosikika ukiupiga kwa pata, fimbo ya kuviringishia mpira shimoni, chukua. Hiyo ni sababu halali kabisa, kwani mtu anayependa mpira wake huuamini. Lakini usiache mpira unaokufaa karibu na grini kwa sababu ya namba.

Turudi kwenye hesabu ya mipira inayopotea, maana hapo ndipo watu wanaona aibu kusema ukweli. Mimi nilianza kuandika kwenye kadi, pembeni mwa mikwaju, alama moja kwa kila mpira ulioniacha. Nilipokuwa napoteza mitano na kuendelea, nilinunua vipande viwili vya bei nafuu, au mipira iliyookotwa, basi. Nilipofika mitatu hivi, sikupanda daraja. Nilichofanya ni kushikamana na aina moja ya vipande viwili, ileile kila wiki. Raundi tano mfululizo nilipomaliza nimepoteza mmoja au sijapoteza, ndipo nikahamia vipande vitatu vya yurethani. Handikapu yangu, ile namba ya kiwango cha mchezaji ambayo ikiwa kubwa uwezo ni mdogo, wakati huo ilikuwa 17. Nataja namba hiyo tu, lakini si kigezo: namjua mwenye 22 anayemaliza na mpira uleule aliouanza, kwa sababu anapiga fupi na katikati. Yeye anastahili yurethani kuliko kijana mwenye nguvu anayelisha samaki.

Na hili la kushikamana na aina moja ndilo ningelipigia kelele kama ningeruhusiwa kupiga kelele moja tu. Begi la mchezaji anayeanza lina mipira ya kila ukoo: mmoja wa kuokota, mmoja wa zawadi wenye nembo ya harusi ya mtu, mmoja wa njano, mmoja mpya. Shimo la kwanza mpira unakimbia hatua tano, la pili unasimama palepale, la tatu pata inaupeleka mbali kuliko ulivyotaka. Utajuaje kosa ni la mkono au la mpira? Hutajua. Utabaki kurekebisha mkono ambao haukuwa na kosa. Hata mabingwa, kwenye mashindano mengi makubwa, kanuni huwabana kutumia aina moja ya mpira raundi nzima. Afadhali dazeni mbili za mpira wa kawaida unaoujua kuliko boksi tatu za majina makubwa matatu.

Mipira iliyookotwa majini nimeitaja. Inafaa sana kwa anayeanza, ila angalia jambo moja. Kuna iliyosafishwa tu, na kuna iliyopakwa rangi upya na kupigwa chapa upya. Hiyo ya pili iogope. Vile vibonyeo unavyoviona kwenye mpira, ambavyo kwa kawaida ni kati ya 300 na 400, si mapambo. Vinafanya hewa inayopita iung'ang'anie mpira kwa muda zaidi kabla ya kuachana nao, hivyo mpira hauburuti mkia mkubwa wa hewa nyuma yake. Mpira usio na vibonyeo ungekwenda takriban nusu tu ya umbali. Rangi nene ikivijaza, umenunua kitu kingine kabisa ndani ya nguo za mpira unaoujua. Pitisha ukucha: kingo za vibonyeo zikiwa zimefifia, rudisha.

Na tafadhali, utie alama. Zile namba 1 hadi 4 kwenye mpira hazina maana yoyote ya ubora, ni za kutofautisha tu, na hazitoshi. Siku moja nilipiga mpira mzuri kutoka kwenye nyasi ndefu hadi grini, nikatembea kifua mbele, nikakuta si wangu. Jina lilelile, namba 3 ileile. Adhabu ya mikwaju miwili, na kurudi kuupiga wa kwangu, ambao ulikuwa umejificha hatua mbili tu kutoka pale. Muda wa kutafuta wenyewe ni dakika tatu tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2019. Zamani zilikuwa tano. Tangu siku hiyo nachora nukta tatu nyekundu kwa kalamu isiyofutika. Dakika tano za jioni, dazeni nzima imekwisha.

Swali ambalo huulizwa sana kipindi cha baridi: je, niupashe mpira joto? Mpira wa baridi kweli huenda karibu zaidi, kwa kuwa raba yake inakakamaa na hewa yenyewe ni nzito. Lakini kuupasha makusudi wakati wa raundi kanuni zinakataza. Uweke ndani ya nyumba usiku, usiuache kwenye buti ya gari, na ukubali kuchukua fimbo ndefu kidogo.

Kuhusu rangi sina maneno mengi. Macho yakianza kuchoka, njano inaonekana vizuri. Chukua njano.

Ule mpira wa mzee uliochubuka niliuhifadhi miaka yote kwenye mfuko wa pembeni wa begi, nikisema ni kumbukumbu. Mwezi uliopita, tukiwa shimo la nne na upepo unatupiga usoni, nilivunja kanuni yangu mwenyewe ya aina moja. Niliutoa, nikaufuta kwenye suruali, nikauweka juu ya kijiti. Mabega yamelegea, pumzi imetulia, sina cha kupoteza. Niligusa katikati kabisa.

Chubwi.